Lebo ya Sita

Treni ilipoingia stesheni ya Wellenbrück saa nane kasoro robo mchana, Bincy Kurian alikuwa ameshajiapia mara tatu kwamba hatatazama upande wa kushoto. Kulia kulikuwa na mlango, teksi na njia ya kwenda hospitali alikofanya kazi. Kushoto kulikuwa na baiskeli. Alikuwa amekuja Ujerumani kuchukua vyeti vyake vya unesi, basi. Jumatatu ndege, Jumamosi kanisani kwao Kerala, India, mbele ya padri, aahidi kuolewa na Jobin, mhandisi wa lifti huko Kuwait. Mambo yamekwisha. Sasa kushoto anatafuta nini?

Akatazama kushoto.

Haya, nani asingetazama? Miezi minane mtu unalala na picha ya mahali pamoja kichwani, halafu ufike hapo hapo upite kama hupajui? Labda kama una moyo wa bati.

"Macho mbele!" alisema mama yake mdogo, Lissy.

Mama mdogo Lissy alikuwa na miaka sitini na sita. Alikuja nchi hii msichana, akauguza Wajerumani mpaka akastaafu, na sasa alikuwa amekuja kumpokea mpwa wake kwa baiskeli, kofia ngumu imekaa juu ya kifundo cha nywele nyeupe, kabichi inachungulia kwenye kapu la nyuma. Kwa simu, dada yake, mama wa Bincy, alikuwa amempa amri moja tu: usimwache binti hata dakika, na yule mtu wa baiskeli asimkaribie.

"Nimeangalia saa, mama mdogo."

"Saa iko juu ukutani. Wewe umeangalia chini."

"Nipe dakika mbili. Nikaione tu. Itakuwa imeshaoza. Nikiiona imeoza nitalia, nitamaliza, twende zetu."

Lissy alimtazama kitambo. Alitaka kukataa, ilionekana wazi, lakini akashusha pumzi. "Dakika mbili. Mimi nashika sanduku. Na usije ukaniambia kwamba mbili zimekuwa ishirini."

Baiskeli za Wellenbrück huwezi kuzihesabu. Watu wa mji ule hawapandi baiskeli kwa mazoezi wala kwa umaskini. Wanapanda kwa sababu kumekucha. Hakimu anapanda, fundi bomba anapanda, mama mjamzito anapanda na watoto wawili mbele kwenye sanduku la mbao, mvua inawapiga na wanaimba. Bincy alipofika mara ya kwanza alidhani kuna mgomo wa magari. Siku ile ile alitembea kwenye njia ya matofali mekundu, njia ya baiskeli, na bibi mmoja akampigia kengele na kumfokea mpaka akarukia kwenye ua wa watu.

Mstari wa nne, karibu na nguzo yenye taa. Miguu yake ilipajua kabla ya macho.

Ilikuwepo. Ile ile nyekundu, kengele imebonyea upande mmoja. Alisimama akajikaza, akasubiri kuona kutu. Kutu hakuiona. Siti ilikuwa imevishwa kofia ya plastiki, zile za kuogea, isilowe mvua. Cheni ilikuwa na mafuta. Akainama akabonyeza tairi la mbele kwa kidole gumba, kisha la nyuma. Yote yamejaa upepo.

"Mungu wangu," alisema kwa lugha ya kwao.

Halafu akaiona lebo.

Ilikuwa ya rangi ya chungwa, imezungushwa kwenye bomba la katikati. Wakazi wote wa mji ule wanazijua lebo hizo. Baiskeli ikisimama stesheni wiki nyingi bila kuguswa, watu wa jiji huifunga lebo yenye tarehe. Mwenyewe kama bado anaitaka, anaichana, na hapo wanajua yuko. Tarehe ikifika lebo haijachanwa, gari linakuja, kufuli linakatwa, baiskeli inakwenda zake. Juu ya lebo ile kulikuwa na mabaki ya gundi ya lebo nyingine zilizochanwa. Bincy aliyahesabu kwa ukucha. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Tano zimechanwa. Ya sita nzima.

Tarehe yake ilikuwa leo, saa nane mchana.

Na mwandiko aliujua. Ile saba yenye mkato katikati, ile moja yenye pua ndefu. Henning Althoff, kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kuzungukia mji mzima akifunga lebo, na kurudi na mkasi mkubwa wa kukatia chuma.

Walikutana katika kazi hiyo. Jiji lilikuwa likinadi baiskeli zisizo na wenyewe, Henning ananadi, na Bincy, mgeni, akanyoosha mkono ajifute jasho. Akajikuta ameuziwa baiskeli nyekundu.

"Lakini mimi sijui kupanda," alimwambia.

"Sasa uliinyooshea mkono wa nini?"

"Nilikuwa najifuta!"

Henning hakucheka. Alikuwa mtu wa hivyo, mrefu, mpole, masikio mekundu, mtu wa kusimama kwenye taa nyekundu Jumapili asubuhi, barabara tupu mpaka mwisho wa macho, akingoja ya kijani iwake. Alifikiri, kisha akasema, "Jumapili maduka yanafungwa. Uwanja wa magari wa dukani unakuwa wazi. Saa nne?"

Jumapili sita akamkimbiza uwanjani, mkono wake chini ya siti. Hakumgusa bega, hakumgusa kiuno, siti tu. Na Bincy, dada mzima wa miaka ishirini na tisa, alikuwa akiuhisi mkono ule mgongoni mpaka Jumatano. Jumapili ya sita akauliza, "Umeshika?" Sauti ikajibu, "Nimeshika!" lakini kwa mbali sana. Akageuka. Henning alikuwa amesimama mwisho wa uwanja, mikono mitupu. Bincy alianguka kwenye kichaka, akainuka na hasira zaidi kuliko maumivu.

"Umenidanganya!"

"Ulikuwa unapanda mwenyewe tangu nguzo ya tatu."

"Sijali! Siku ukiniachia, uniambie. Hata ikiniuma. Niambie!"

"Nakuahidi," Henning alisema, na hapo ndipo alipomshika mkono kwa mara ya kwanza, kumtoa miiba.

Kiangazi chote wakapanda ubavu kwa ubavu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshikwa. Mtu wa parokia yao akawapiga picha, na picha haikuchelewa kufika Kerala. Amma, mama yake Bincy, akaanguka kitandani. Bincy akaifunga baiskeli kwenye nguzo, akamwambia Henning, "Wiki tatu tu." Nyumbani akakuta mama hali chakula, na picha ya marehemu baba ikitolewa ukutani aishike aape: hutamwandikia tena. Akaapa. Barua za Henning zikaja, zikakaa bila majibu, kisha zikaacha kuja. Lakini ufunguo wa kufuli aliuweka kwenye kimfuko cha rozari. Kila jioni akishika rozari, anaushika. Amma alidhani ni wa sanduku.

Sasa alisimama mbele ya lebo, saa ya stesheni inasoma saa nane kasoro dakika tano, na hakulilia baiskeli iliyooza kama alivyopanga. Alikuwa akimlilia mtu aliyeitunza.

Gari dogo la jiji likapinda kona polepole, taa ya njano inazunguka juu.

"Bincy!" Lissy aliita kutoka kule. "Dakika mbili zimekwisha!"

Hakusikia. Mlango wa gari ulifunguka, akashuka Henning amevaa kizibao cha kung'aa, mkasi mrefu mkononi. Alitembea akitazama karatasi yake, akafika mstari wa nne, akainua kichwa. Mkasi ukamshuka mpaka ukagusa chini.

Walitazamana. Masikio ya Henning yaliiva.

"Umekonda," alisema Henning.

"Na wewe hujanyoa."

"Sikujua unakuja."

"Ningekwambiaje? Nimeapishwa nisikuandikie." "Nani alitia upepo matairi haya?"

"Mimi."

"Cheni?"

"Mimi."

"Lebo tano nani alichana?"

Henning alitazama viatu vyake. "Mimi."

"Na nani alizifunga?"

"Mimi pia. Baiskeli ikikaa muda ule lazima ifungwe. Ndiyo sheria."

"Asubuhi anaifunga, jioni anapita anaichana!" Kichwa cha mwenzake, Uwe, kilitoka dirishani, mkate mkononi. "Nimefanya kazi na vichaa wengi, dada yangu, lakini huyu kiboko. Na anadhani sijui!"

"Uwe, kula mkate wako."

"Nakula. Ila saa nane hiyo, na tuna kumi na nne za kukata."

Bincy hakucheka. Alikuwa akiona taa nyekundu ya Jumapili, barabara tupu, na mtu huyu amesimama anangoja. Mtu huyu amevunja sheria mara tano, kwa makusudi, jioni, peke yake. Mtu mwingine angemletea maua. Hili lilimchoma kuliko maua.

"Ya sita kwa nini hukuichana?"

"Mama yako mdogo alinikuta sokoni. Akaniambia Jumamosi ijayo unaahidiwa kanisani."

Bincy akageuka. Lissy alikuwa ameshafika, anasukuma baiskeli kwa mkono mmoja na sanduku kwa mwingine, anahema.

"Mama mdogo! Ulimwambia?"

"Nilimwambia kweli. Kwani kweli ni dhambi? Mtu alikuwa ananiuliza habari zako kila Jumatano mbele ya viazi. Ningemdanganya mpaka lini?"

"Alifanya vizuri," Henning alisema. "Sheria inasema anayechana ni mwenye baiskeli. Mimi si mwenye baiskeli. Nilikuwa nakujibia kitu ambacho wewe mwenyewe hujasema. Haikuwa haki."

"Haki!" Bincy alilipuka. "Wewe na haki yako! Uliniahidi nini pale kichakani? Ulisema siku ukiniachia utaniambia. Nimekaa miezi minane, usiku na mchana, najua kuna mtu mmoja duniani ambaye hawezi kuniachia kimyakimya. Kumbe umeniachia, na nisingekuja leo nisingejua!"

"Nimekwambia."

"Lini?"

"Igeuze," alisema kwa sauti ndogo, akionyesha lebo. "Kwa nyuma."

Bincy alipiga goti kwenye matofali. Nyuma ya kila lebo kuna mstari wa maelezo. Hapo huandikwa tairi limepasuka, pedeli haipo. Akaizungusha. Kwa mwandiko ule ule ulionyooka, palikuwa pameandikwa: *Nimeachia. Henning.*

Alisoma mara mbili. Kisha akauliza, "Ningekuwa Kerala. Wangeipeleka mnadani na lebo wangeitupa. Nani angesoma?"

"Hakuna."

"Sasa uliandika ya nini?"

"Si niliahidi."

Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa. Lissy alitazama pembeni, akajifanya anapanga kabichi.

Henning aliinua mkasi, akaushika kwa mikono yote miwili. "Nakupenda, Bincy. Sijaacha hata siku moja, hata hiyo niliyoandika hapo. Lakini sitakuvuta. Lebo ni yako. Uichane wewe, au useme nikate. Mimi siwezi kuamua tena."

Simu ikalia. Picha ya Amma ilijaa kioo, na Bincy, mtoto aliyelelewa, akapokea.

"Umeshachukua vyeti?" Amma alianza bila salamu. "Mbona macho mekundu? Hicho kilicho nyuma yako ni nini?"

"Baiskeli yangu, Amma."

"Yupo?"

"Yupo."

"Uliniapia! Ukiwa umeshika picha ya baba yako!"

"Niliapa sitamwandikia, Amma, na sijamwandikia hata herufi. Nimesimama mbele yake tu."

"Usiniletee ujanja wa mahakamani! Lissy yuko wapi? Lissy!"

"Nipo, dada," Lissy alisema. "Nimeshika sanduku."

"Umeshika sanduku na binti umemwachia! Bincy, nisikilize. Mwanamume mzima, miaka thelathini na nne, hana hata gari! Watu wataniuliza mkwe wangu anaendesha nini, nijibu nini?"

"Daktari wetu mkuu hana gari, Amma. Anakuja na baiskeli, suruali kaibana na pini."

"Basi hospitali yenyewe masikini!"

Uwe alipaliwa na mkate, ingawa hakuelewa neno. Bincy naye karibu acheke, lakini uso wa mama yake ulikuwa umeanza kukunjamana.

"Jobin ana kosa gani?" Amma aliuliza, sasa kwa sauti ya chini. "Niambie kosa lake moja."

"Hana. Ndiyo maana siwezi. Nikisimama mbele ya padri Jumamosi nitakuwa namwangalia yeye na kumwona mwingine. Mtu mwema kama yule anastahili hivyo, Amma?"

"Na mimi je? Nilibaki na wewe tu. Ukienda huko hurudi, kama Lissy hakurudi. Mlango wangu atafungua nani nikizidi kuzeeka?"

Ndilo hilo lililokuwa limekaa chini ya habari za gari, za baiskeli, na za vyote. Bincy aliweka simu karibu na uso, kana kwamba angeweza kupita humo.

"Nitakuja kila mwaka. Na wewe utakuja, nitakuonyesha. Sikuachii, Amma. Ila Jumamosi sitakuwepo. Nitampigia Jobin mwenyewe, leo, wewe usibebe aibu yangu."

"Watu nimeshawaalika."

"Waambie mwanao yupo, na kasema hapana."

Amma alimtazama muda mrefu. Kisha kioo kikawa cheusi.

Bincy alibaki ameishika simu. Alihisi amevunja kitu kikubwa, na alikuwa amekivunja kweli.

"Atapiga saa moja jioni," Lissy alisema, akijipangusa jicho kwa ncha ya skafu. "Dada yangu namjua, hawezi kulala hajamaliza maneno. Na mimi nitampokea. Mimi nami nilikatazwa, sijui ni miaka mingapi sasa. Nilikuwa na mtu hapa, mwokaji mikate. Barua moja ikaja kutoka nyumbani, nikatii. Hakuna aliyenifungia lebo." Akakohoa. "Haya, chana hicho kikaratasi, kabichi yangu inanyauka."

Bincy aliinama. Lebo za jiji ni ngumu, zimetengenezwa zishinde mvua. Akaipachika ukucha, akaivuta, ikakataa. Akaivuta kwa meno. Ikachanika kwa sauti. Akaikunja, akaitia kwenye kimfuko cha rozari, akatoa ufunguo. Kufuli lilifunguka mara moja. Nalo lilikuwa limetiwa mafuta.

"Kumi na tatu," Uwe alisema kwenye karatasi yake, akafuta mstari mmoja.

Bincy akavua kofia ya plastiki kutoka kwenye siti, akapanda, mguu mmoja chini.

"Miezi minane sijapanda. Shika."

Henning alitazama kibao kilichokuwa juu yao. "Hapa mbele ya stesheni hairuhusiwi kupanda. Ni kushuka na kusukuma."

"Henning!"

"Basi, basi." Akampa Uwe mkasi kupitia dirishani, akaja nyuma, na mkono wake ukaingia chini ya siti, mahali pale pale.

Baiskeli ikayumba, ikapita nguzo ya taa, ikampita bibi mmoja aliyewapigia kengele kwa hasira za haki kabisa. Bincy alikanyaga. Ya pili ikawa nyepesi, ya tatu nyepesi zaidi. Nguzo ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Umeshika?" alipiga kelele bila kugeuka.

"Nimeshika!"

Sauti ilikuwa karibu, lakini alishawahi kudanganywa. Akageuza kichwa. Henning alikuwa pale, masikio mekundu, kizibao kimepinda, anakimbia na kuhema, na vidole vyake vilikuwa vimeing'ang'ania siti.